Siku Mama Gerevazi Aliporudi Kwao

Harufu ya mvua kubwa ya mwaka ule haikuanza na udongo. Ilianza na rangi ya mafuta, nyekundu, ile wanayopaka mageti, iliyochanganywa na petroli kidogo ili iteleze vizuri kwenye kuta zetu za udongo. Nilikuwa darasa la nne, huku kwetu Kirushya, wilaya ya Ngara, na jua lilikuwa bado linawaka kama vile halijasikia habari. Migomba imesimama kimya, maharage ndiyo kwanza yanachomoza, na mtendaji wa kijiji anateremka bondeni na kopo la rangi mkononi. Nyuma yake kamati nzima ya maafa, nyuma ya kamati sisi watoto, na nyuma yetu mbwa mmoja ambaye hakuwa mjumbe. Kila nyumba iliyokuwa karibu na mto ilipigwa alama ya X ukutani, kubwa, ya kuonekana kutoka kilima cha pili. Harufu ile ikapanda mpaka shuleni, tukawa tunasoma hesabu huku vichwa vinazunguka, na kwa mara ya kwanza hesabu zikawa na raha kidogo.

Sasa, kila mtu anajua X nyekundu ukutani maana yake nini: barabara inakuja, nyumba inabomolewa, mwenye nyumba analipwa fidia. Kwa hiyo bondeni hakuna aliyelia. Watu walifagia nyua, wakaanza kuongea polepole kama matajiri. Mzee Lameki, ambaye nyumba yake iko juu kabisa kilimani, mahali ambapo hata gharika ya Nuhu ingefika ikiwa imechoka, alikwenda ofisi ya kijiji kulalamika kwamba ameonewa. Alitaka X yake. Alisema kama ni upungufu wa rangi, yeye yuko tayari kununua kopo. Ikabidi mtendaji aitishe mkutano wa hadhara kueleza kwamba X zile si za barabara, ni za maji. Watu wa hali ya hewa walikuwa wametangaza redioni kuwa mvua za msimu ule zingezidi kawaida, wilaya ikaagiza kila kijiji kijiandae, na wenye X ndio ambao wangetakiwa kuhamia shule ya msingi mto ukianza kupanda. Mkutano ukapoa kama uji uliosahauliwa. Mtu aliyelala akiwaza mabati mapya ameamka anaambiwa ajiandae kukimbia. Mzee Lameki akarudi nyumbani kwake juu, ameridhika kabisa na serikali.

Mtendaji wetu alikuwa dada mmoja anaitwa Kabula, mtoto wa Wasukuma waliotoka Shinyanga na ng'ombe wao wakahamia Biharamulo, akasomea huko, akapangiwa kazi kwetu. Kihangaza, lugha yetu, alikuwa anajua salamu na "karibu chakula", basi, na kwa maneno hayo mawili alikuwa ameshakula karibu kila nyumba. Alikuwa mwembamba, anatembea haraka, na alikuwa na kipaza sauti cha mkononi alichokipenda kuliko simu yake. Kamati yake ilifanya kazi kwelikweli, hilo sitaki kulifanyia mzaha. Walizibua mitaro yote iliyokuwa imejaa majani ya migomba, wakakata mti mmoja uliokuwa umeinamia zahanati, wakahesabu wazee na wajawazito, wakaweka mahindi na maharage kwenye stoo ya shule. Kengele ya shule, ambayo ni rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa, ndiyo ikawa ishara: ikigongwa mfululizo bila kupumzika, bondeni wote wapande. Baba yangu, Gerevazi, alikuwa mjumbe wa kamati, na ndiye aliyepewa kazi ya kuhakikisha nyumba za chini kabisa zinahama. Nyumba ya chini kuliko zote ilikuwa ya baba yake.

Hapo ndipo panapoingia babu Petero, na hapo ndipo lazima nieleze mimi ni nani, maana ukoo wetu usipoelezwa mapema unachanganya. Naitwa Skolastika. Jina hilo ni la bibi yangu, mke wa babu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu ukipewa jina la bibi, wewe ndiye bibi. Si kwa kufananisha, ni wewe. Baba yangu tangu nikiwa nanyonya ananiita "mama", shangazi zangu wananiamkia shikamoo wakitaka kunichekesha, nami najibu marahaba bila hata kutabasamu. Ukitaka kunituma dukani, nakuuliza kama ndivyo ulivyofundishwa, kumtuma mama yako. Babu ndiye aliyezidisha. Yeye aliniita Mama Gerevazi, kama alivyomwita marehemu, na mimi nilimwita Baba Gerevazi, na yule Gerevazi mwenyewe akipita hapo anatikisa kichwa. Nikifika kwa babu naanza na ukaguzi: sufuria hazijaoshwa, kuku wamelala ndani, shati limevaliwa siku ngapi. Anajitetea. Nikipika maharage yakaungua analalamika kwamba zamani hayakuwa yanaungua, nami namjibu kwamba zamani alikuwa analeta kuni kavu. Majirani walikuwa wanapunguza mwendo kwenye njia ili wasikilize.

Basi ikaja siku ya mazoezi. Rimu ikagongwa, jua likiwaka, na bondeni wote wakapanda shuleni wakicheka, kila mmoja na kile alichoona hawezi kukiacha. Mama mmoja alipanda na mlango. Ameung'oa kwenye bawaba, amejitwika, akasema nyumba bila mlango haiibiwi kwa sababu mwizi hatajua aingilie wapi. Kijana mmoja alibeba spika za redio akaacha watoto. Mtendaji aliandamana nao akiwasahihisha kwa kipaza sauti, ingawa walikuwa umbali wa kumgusa. Babu Petero hakupanda. Alitoa kigoda chake akakaa mbele ya nyumba, chini ya ile X, akawa anasalimiana na wanaopita kama mgeni rasmi. Kila aliyemwambia twende alimjibu asante, nendeni salama, msalimieni mwalimu mkuu. Baba alisimama pale na fulana yake ya kamati, akawa anaangalia viatu vyake. Mjumbe wa kamati ambaye baba yake mzazi amegoma, atamhimiza nani tena?

Mtendaji mwenyewe aliteremka kuongea naye, nami nikiwa nimekaa pembeni nachambua mboga kwa mikono na maneno yao kwa masikio. Alimpa shikamoo, akaitikiwa vizuri, akakaribishwa chakula, akala. Kisha akaeleza habari za mto, za udongo wa kilima, za mvua zinazokuja. Babu akamuuliza jina lake lina maana gani kwao. Akasema Kabula ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua.

"Mama yako alikuzaa kwenye mvua," babu akasema, "na wewe unatufundisha kuikimbia."

"Babu, mimi nilizaliwa ndani ya nyumba iliyokuwa mahali pazuri."

Babu akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa akaonyesha kwa kidole nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambapo palikuwa na kaburi la bibi kwenye kituta kilichoinuka, na msalaba wa simenti alioumwaga yeye mwenyewe.

"Nikipanda huko, huyu namwachia nani?"

Swali hilo kwenye semina za wilaya mtendaji hakufundishwa. Akaaga kwa adabu akaondoka. Njiani alimwambia baba kwamba ana mgambo, na mgambo wanaweza kumbeba mzee na kigoda chake, lakini yeye hataki kumbeba mtu mzima kama gunia. Baba akasema hata wakimbeba, atashuka tena usiku. Tulimjua.

Mvua ilipokuja, haikubisha hodi. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika mchana kidogo kama fundi anayekwenda kula, ikarudi. Siku zikapita hivyo. Sisi watoto tulikuwa tunafurahi kupita kiasi, kwanza kwa sababu tulikuwa tunateleza kwenye njia ya kilima tukikalia magome ya migomba, tunafika chini na kaptula zimebadilika rangi, pili kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa anatoka Nyamiaga kwa pikipiki na pikipiki ilikataa. Lakini mto ulikuwa umeacha kuimba ule wimbo wake mdogo. Ulikuwa unaguna. Maji yake yakawa rangi ya chai ya maziwa, halafu rangi ya matofali, na chemchemi zikaanza kutoka mahali ambapo hapakuwahi kuwa na chemchemi, hata katikati ya uwanja wa mpira. Asubuhi moja mvua ikakatika kabisa, mawingu yakabaki yameshuka mpaka karibu uyaguse, na rimu ikagongwa. Ikagongwa bila kupumzika. Mtendaji alikuwa amepigiwa simu kwamba juu mtoni kumenyesha vibaya sana, na maji yanashuka kwetu. Safari hii hakuna aliyecheka, na mlango wa yule mama ulibaki mahali pake.

Kabla ya mchana bondeni pote palikuwa patupu isipokuwa nyumba moja. Baba alikwenda kumbembeleza babu, akarudi. Akaenda tena na katekista, wakarudi wawili. Nilimwona baba amesimama kwenye veranda ya shule ameshika kiuno, anatazama chini, na uso wake ulikuwa wa mtoto kabisa. Ndipo nikaelewa kwamba babu anaweza kufa. Mpaka hapo nilikuwa nafikiri mvua ni jambo la kuteleza. Nikashuka. Sikumuuliza mtu, kwa sababu ukiuliza unakatazwa.

Nilimkuta kwenye kigoda chake, amevaa koti. Sikumsalimia. Niliingia ndani moja kwa moja, nikatoa kitenge cha bibi kwenye sanduku, nikakitandaza uani mahali anapoona, nikaanza kuweka vitu katikati: sufuria, mwiko, rozari ya bibi, kikombe cha bati. Nilikuwa naviweka kwa kelele, kama shangazi zangu wanavyofanya wakikasirika.

"Mama Gerevazi, kunani?"

"Naondoka."

"Kwenda wapi?"

"Kwetu. Nimechoka kuishi na mtu asiyesikia. Wenzangu wote wamepelekwa pakavu na waume zao, mimi nimeachwa hapa nihesabu vyura."

Akaanza kucheka. Nikafunga kitenge, nikakiweka kichwani. Sikucheka, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, pamoja na mtihani wa darasa la saba. Kwenye njia walikuwa wanapita Mama Anitha na binti zake, wa mwisho kupanda, wakasimama. Mama Anitha akauliza kulikoni. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mzee Lameki kwamba mimi, mke wa Petero, narudi kwetu leo, na yeye ni shahidi.

"Kwenu ni wapi?" babu akauliza. Hakuwa anacheka tena sana.

"Kuanzia leo ni darasa la pili, shule ya msingi. Na nimeondoka na huyo wa nyuma ya nyumba, maana yeye ni mimi. Ukitutaka, taratibu unazijua."

Taratibu kila mtu anazijua. Mke akiondoka kwa hasira kwenda kwao, mume hatumi salamu, hapigi simu, wala hakai kwenye kigoda. Anabeba kibuyu cha pombe ya ndizi, anatafuta mtu wa kumsemea, anakwenda kwa wakwe, anakaa mahali atakapoonyeshwa, anasikiliza makosa yake yote yakisomwa. Asipokwenda, kijiji kizima kitajua kwamba hakumtaka. Na babu alikuwa amenitangaza kuwa mkewe kwa miaka tisa, mbele ya watu wale wale. Nilipanda kilima bila kugeuka. Mama Anitha alinifuata nyuma akiwa amejiziba mdomo kwa kanga, na kabla hatujafika, habari ilikuwa imeshatutangulia.

Mtendaji alipoelezwa, aliingia darasa la pili, akaketi kwenye kiti cha mwalimu, akaniambia nikae nyuma yake kama binti aliyerudi nyumbani. Alikuwa ameielewa hila yangu haraka kuliko baba. Tukasubiri. Mawingu yakazidi kushuka. Baba alikuwa anatembea toka ukuta mpaka ukuta, na mimi nilikuwa nachungulia njia kila mara, kwa sababu ujanja ukishindwa unakuwa ni mtoto tu mwenye sufuria ya watu kichwani. Halafu mtu mlangoni akasema anakuja. Babu Petero alikuwa anapanda njia, mbele yake Mzee Lameki, msemaji wake, ameshika kibuyu chenye mirija imechomoza. Na babu mwenyewe, ndugu zangu, amejitwika godoro. Mtu anayekwenda kumchukua mkewe hutegemea kurudi naye jioni hiyohiyo. Yeye alikuja na godoro, na blanketi ndani yake, na redio. Mpaka leo hakuna aliyemuuliza.

Waliketishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakawafika kidevuni. Mzee Lameki akajikohoza, akasema wamekuja kutafuta kuku wao aliyepotea. Mtendaji akasema hapa hakuna kuku, kuna binti, na binti analia. Nikajitahidi kulia.

"Wewe ni Msukuma, huyu ni Mhangaza," Mzee Lameki akamwambia. "Undugu wenu umetoka wapi?"

"Serikalini," Mtendaji akajibu. "Na sisi watu wa serikali binti yetu hatoki bila maelezo ya kutosha. Anza kueleza."

Darasa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Nikasoma makosa: hasikii, anakula maharage kwenye sufuria, alikaa kwenye kigoda anasalimia watu huku mkewe yuko hatarini. Kila kosa Mtendaji alilirudia taratibu, akaomba lifafanuliwe, akawauliza wanawake waliohamia kama wanalifahamu, na wote walilifahamu, wakaongeza na ya waume zao. Waume wakaanza kutafuta mlango. Babu alikuwa anajibu kwa unyenyekevu mkubwa, akikubali mengine, akikataa la maharage. Katikati ya la maharage mvua ikapiga bati. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Kesi ikawa ya kupigiana kelele, Mtendaji akachukua kipaza sauti chake, na kwa mara ya kwanza kilikuwa na kazi. Kisha tukasikia sauti nyingine chini ya ile ya mvua, nzito, kama malori yanayopanda mlima kwa gia ndogo, na watu wakatoka verandani.

Mto ulikuwa umeacha njia yake. Ulipita katikati ya migomba, ukailaza yote upande mmoja, ukafika kwenye nyumba ya babu, ukaizunguka kama unaitafutia mlango, halafu ukuta ule wenye X ukakaa chini polepole, na paa likaukalia. Baba alimshika babu mkono, na babu akamwachia aushike. Alikuwa anatazama nyuma ya nyumba, lakini mvua ilikuwa imefunika kila kitu. Mimi nikasogea nikasimama mbele yake na kitenge changu kichwani. Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Turudi ndani, Mama Gerevazi. Hawa wakwe hawajamaliza."

Asubuhi maji yaliposhuka, baba na mgambo waliteremka. Walirudi na matope mpaka kifuani, na kabla hawajafika baba alikuwa ameshapunga mkono, anapiga kelele kwamba kituta kimesimama, msalaba umeinama kidogo tu, bibi yuko palepale. Babu akasema alijua, kwa sababu simenti ile aliichanganya mwenyewe, kisha akakaa kwenye dawati akalia, akanywa pombe ya wakwe, akalia tena. Kijiji kizima kikahesabiwa kwenye uwanja wa shule na hakuna aliyekosekana hata mmoja. Mtendaji Kabula alizima kipaza sauti chake akaenda nyuma ya vyoo, akarudi macho mekundu, akauliza nani anapika. Wiki zilizofuata zilikuwa ndizo bora za utoto wangu. Tulilala kwa mistari kama dagaa, tulikula maharage ya kamati, jioni wazee waliimba na vijana waliwacheka, na kesi ya babu iliahirishwa kila siku kwa kukosa ushahidi.

Sasa hivi niko kidato cha tatu, bweni, na mambo kule nyumbani yamenyooka. Mitaro imejengewa kwa mawe, tahadhari zinakuja kwenye simu kabla mawingu hayajajua yanakokwenda, kamati ina fulana zinazong'aa, Mtendaji Kabula amepandishwa akahamishwa, na aliyemrithi hajawahi kugombezwa na mtu anayetaka X. Watu wanahama kwa mstari, kimya, kama wanakwenda kupiga kura. Ni vizuri, nasema kwa moyo wote, hata kama haichekeshi. Wadogo zangu wanaijua mvua kubwa kama siku ya kutokwenda shule tu, na sitawaombea waijue zaidi ya hapo. Babu alijenga tena kulekule, juu kidogo ya kaburi, kwenye mstari ambao kamati iliukubali kwa shingo upande, na masharti yake ni kwamba rimu ikilia anapanda bila mjadala. Ila ana utaratibu wake. Mwezi uliopita matroni alikuja kuniita kwenye maandalio, masomo yetu ya jioni, amekunja uso, akauliza kama katika bweni letu kuna mtu anaitwa Mama Gerevazi, maana kuna mzee amepiga simu mara nyingi na hataki kuongea na mwingine. Wenzangu waliangua kicheko ambacho bado hakijaisha. Nikachukua simu. Mvua ilikuwa inasikika nyuma yake, na watu wengi wanaongea.

"Mama Gerevazi, huku mawingu yamekaa vibaya, na mwanao Gerevazi ananisumbua nipande shuleni. Unasemaje?"

"Panda."

"Nimeshafika," akasema. "Nilitaka tu uniambie."